Kima kaacha moyo wake mtini

Maneno haya niliyasema Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu wa maandalizi na msingi, wazazi, na vijana wachache wanaojaribu kuandika hadithi za watoto. Salamu nimezipunguza, maana zilikuwa ndefu kama ada yetu. Yaliyobaki nimeyaacha karibu na yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazee wangu mlioacha kazi zenu za asubuhi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka. Paukwa!

Alhamdulillahi, mmejibu. Nilikuja na wasiwasi.

Nimeambiwa niseme juu ya hadithi za watoto na mazingira. Neno hili "mazingira" limeanza kunichosha. Likitajwa tu, watoto hupangwa mstari juani, kila mmoja akapewa mche, akapigwa picha, na mwaka ukigeuka mche umeliwa na mbuzi. Basi leo sitalitaja sana. Nitasema juu ya vitu vinavyokwisha: kuni, boriti, chui, pweza, mchanga. Na nitasema juu ya hadithi tunazowapa watoto kabla hawajajua kwamba kitu kinaweza kwisha.

Nianze na kisa ambacho hapana asiyekijua. Kima alifanya urafiki na papa. Palikuwa na mkuyu mkubwa umeota kilindini, matawi yake nusu yako upande wa mjini, nusu yako upande wa baharini. Kila siku kima hupanda akala kuyu, na papa yuko chini anaomba atupiwe, naye hutupiwa. Siku zikaenda, papa akamwambia mwenzake: kila siku mimi nakula kwako, twende na wewe ukatembee kwetu. Kima akapanda mgongoni. Walipofika nusu ya safari papa akatoa siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwa upole, mbona hukuniambia mapema? Sisi tukisafiri, mioyo yetu tunaiacha mitini. Nirudishe nikauchukue.

Kisa hiki Askofu Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, akakichapisha London mwaka 1870. Lakini yeye alikikuta, na aliyekianza hatumjui. Mimi nimekisomesha miaka na miaka, na kila mara mwishoni niliwauliza watoto, tumejifunza nini? Nao wakajibu kwa sauti moja kama nilivyowazoesha: tumejifunza ujanja! Vizuri sana, kaeni chini.

Mpaka nilipostaafu ndipo nilipoutazama ule mkuyu. Bila ya mkuyu hapana kuyu, bila ya kuyu hapana urafiki, na bila ya urafiki hapana kisa. Mti ule umelisha nchi kavu na bahari kwa pamoja, na ndani ya hadithi nzima hakuna hata mmoja anayeuliza hali yake. Na lile jibu la kima, ambalo mimi niliwafundisha watoto kuwa ni uongo wa kujiokoa, siku hizi naona alisema kweli tupu.

Nendeni msitu wa Jozani mkamwone kima punju. Ni mnyama wa Unguja, kwengine duniani hayupo, ukiacha wale wachache walioletwa hapa Pemba, msitu wa Ngezi, miaka ya 1970. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliwapata zaidi ya 5,800. Chakula chake majani, na hayo ya mkungu na ya mwembe yana sumu kidogo, kwa hiyo kima punju hutafuta makaa akayala ili sumu ipungue tumboni. Makaa hayo huyaokota penye matanuri yaliyoachwa. Yaani mti umekatwa, umechomwa, umekwenda mjini kwenye polo, naye anakuja nyuma kulamba yaliyobaki. Moyo wake uko wapi huyo kama si mtini?

Hata jina lake ni hadithi. Punju ni sumu. Wazee walisema mti akikaa kima yule hunyauka. Hadithi ya neno moja, na ilitosha kumfanya achukiwe kwa miaka mingi.

Hapo nataka nisimame, kwa sababu watu wanadhani hadithi za watoto ni mapambo ya kuwalazia. Nyinyi wa Pemba chui hamkuwa naye, mtanivumilia nikivuka Unguja kidogo. Bibi zetu kule walikuwa na hadithi za chui wa kufugwa. Ati wako watu wachawi wanafuga chui, wanamlisha, na usiku wanamtuma kwa jirani waliyegombana naye. Mtoto akilia anaambiwa nyamaza, chui wa fulani atakusikia. Mtoto yule akakua, na kichwani mwake chui hakuwa mnyama wa msituni anayetafuta paa ale. Alikuwa mkono wa mchawi. Yakaja Mapinduzi ya mwaka 1964, na baada yake kampeni ya kusaka wachawi, na chui wakasakwa pamoja nao. Aliyemuua chui hakuona kuwa kaua mnyama, aliona kavunja uchawi, na kijiji kizima kikampongeza. Misitu nayo ilikuwa inapungua, na paa walikuwa wanawindwa, sikatai. Si hadithi peke yake iliyommaliza. Lakini hadithi ndiyo iliyofanya asipatikane hata mtu mmoja wa kumlilia. Kufika miaka ya 1990 watafiti walikuwa wameshakata tamaa. Ipo picha ya kamera ya mwaka 2018 ambayo watu wanabishania mpaka leo, mimi simo katika ubishi huo. Chui niliyemwona mimi alikuwa kasimama ndani ya kioo kwenye makumbusho mjini, manyoya yamefifia, macho ya gololi, na mtoto mmoja kando yangu anamuuliza mama yake kama anauma.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "ni hadithi tu", mimi huwa namtazama.

Sasa niwape aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nasomesha darasa la tatu katika kijiji kimoja cha maweni, sitakitaja. Nikatunga hadithi usiku kwa taa ya chemli, nikajiona nimefika. Ilikuwa na jitu liitwalo Kata-Kata, meno yake ya msumeno, macho mekundu, chakula chake misitu. Mwisho watoto wanalifukuza kwa manati, na miti inaota tena siku ile ile. Nikaisoma darasani, watoto wakafurahi, wakapiga meza. Isipokuwa mtoto mmoja wa kike aliyekaa dirishani. Wakati wa mapumziko akanifuata, akasimama mikono nyuma. Nilikuwa nimeshaiona mikono ile: vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mikunjo, weusi ule usiotoka kwa sabuni. Akaniuliza kwa adabu zake zote:

"Mwalimu, na baba naye tumfukuze?"

Baba yake alikuwa anachoma makaa. Nilimjua. Nilikuwa mteja wake. Polo lililokuwa nyuma ya jiko langu, lile lililochemsha chai niliyokunywa nikiandika habari za Kata-Kata, lilitoka kwenye tanuri lake.

Sikumjibu. Nilimwambia nenda kacheze na wenzako.

Miaka mingi baadaye nikapata habari za kitabu cha Kimarekani kiitwacho The Lorax, cha Dr. Seuss, kilichotoka mwaka 1971. Labda hakuna kitabu cha watoto kinachojulikana zaidi kuliko hicho juu ya miti kukatwa mpaka ukaanguka wa mwisho. Na jambo la kutufurahisha sisi, sehemu kubwa yake aliiandika mwaka 1970 akiwa safarini Kenya, chini ya Mlima Kenya. Miti ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake, kitabu kikaenda Marekani, na sisi tukitaka kukisoma tunakinunua kwa dola. Kwa karafuu zetu tunaijua biashara hiyo.

Basi mwaka 1989, katika mji wa Laytonville huko California, mji unaokula kwa magogo, walitokea wazazi wakataka kitabu hicho kiondolewe kwenye orodha ya kusomwa skuli. Walisema kinawageuza watoto wachukie kazi za baba zao. Bodi ya skuli haikukubali, kitabu kikabaki. Wanaokisimulia kisa hicho huwacheka wale wazazi. Mimi siwacheki. Mimi nilishasimama mbele ya mtoto wao, na vidole vyake nimeviona.

Kwa haki yake, kitabu kile hakikumpa mkata miti pembe na mkia. Mkataji wake ni mfanyabiashara, anaanza kidogo, soko linapanda, anashindwa kujizuia, na mwisho ndiye mwenyewe anayesimulia kwa majuto. Pembe nilizitia mimi, huku nyumbani, kwa mtu ambaye nilikuwa namdai chenji.

Hili ndilo nililolipandia gari leo. Ukiandika hadithi ya makaa, mchoma makaa mpe jina. Mpe deni dukani, mpe mtoto anayetakiwa sare mpya, mpe kikohozi. Na usimwache peke yake msituni. Mtie na yule mwalimu mwenye polo nyuma ya jiko, na mama ntilie wa mjini, na dereva wa gari la shamba anayelifunika polo kwa makuti asionekane njiani. Watoto wa maweni wanajua makaa yanatoka wapi na yanakwenda wapi kuliko sisi tunaowaandikia. Ukiwaletea jitu, wanakutazama kwa heshima, lakini wameshakuondoa kwenye hesabu ya watu wa kusikilizwa.

Na ile miti iliyoota siku ile ile? Uongo mtupu. Mtoto wa kijiji kile anaujua muda wa msitu wa maweni kurudi, kwa sababu baba yake anazunguka nao: hapa alikata yeye akiwa hajazaliwa, hapa mwaka aliozaliwa mdogo wake. Kalenda yake iko msituni. Mimi nikamfutia kwa mstari mmoja ili hadithi yangu iishe vizuri.

Lakini msinielewe kuwa mwisho mwema umekatazwa. Kitabu kilekile cha Lorax, toleo la kwanza, kilikuwa na mstari unaolisema vibaya Ziwa Erie, la huko huko Amerika. Miaka 14 ikapita, watu wa Ohio waliokuwa wakishughulika na ziwa lile wakamwandikia mwandishi: bwana, ziwa tumelisafisha. Akakubali. Matoleo yaliyofuata mstari ule haumo. Hebu fikirini, mwandishi mkubwa namna hiyo anapokea barua, anachukua kalamu, anafuta.

Hapa Pemba tunayo barua kama ile, ila hatujaiandika. Popo wetu. Yule mkubwa, anayefanana na mbweha usoni, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanakaribia mita 1.5, na ambaye hakuna kisiwa chengine duniani kinachomzaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki elfu chache tu. Walipigwa kwa bunduki, walinaswa, miti wanayoning'inia ikakatwa, na wengine humu ukumbini mnajua ladha yake, msijifanye. Miaka ya 1990 vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda. Hesabu zilizofanywa baada ya mwaka 2000 zikawapata karibu 20,000. Nendeni Kidike jua linapokuchwa, mkae kimya, mtawaona wanavyojinyoosha mmoja mmoja kabla ya kuondoka, kama wazee wanaotoka msikitini. Hao ni wanyama waliokaribia kwisha wakarudi, na waliowarudisha ni watu wenye majina na shamba la muhogo. Mko wapi waandishi? Katika hadithi zetu popo bado ni yule kigeugeu, kwa ndege anasema yeye mnyama, kwa wanyama anasema yeye ndege. Mstari ule ungefaa kufutwa. Au basi usifutwe, uongezwe mwengine chini yake.

Na kama mnataka mfano wa hadithi iliyolinda kitu, msiende mbali, chukueni dau mpaka kisiwa cha Misali. Mnakijua kisa, lakini vijana wa nyuma pengine hawakijui, siku hizi bibi nao wana simu. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhiri, wengine humwita Hadhara, aliwatokea wavuvi pale kisiwani. Wakati wa sala ukaingia, akaomba msala wa kusalia. Wavuvi hawakuwa nao, wana nyavu na majahazi tu. Akasema, basi kisiwa chenyewe ndicho msala. Ndiyo jina lake, na ndiyo maana ukikitazama kisiwa wavuvi hukuonyesha kwamba kimeelekea kibla.

Sasa tazameni kazi ya kisa kifupi namna hiyo. Hakina neno samaki. Hakina neno matumbawe. Hakisemi usitupe, usivunje, usivue hapa. Lakini nani anayetia uchafu juu ya msala? Nani anayepiga baruti kwenye msala? Mwaka 1998 Misali ikafanywa eneo la hifadhi, zikaja ramani na doria na mikutano, na ilipofika kuzungumza na wavuvi, masheikh walikuwa na pa kuanzia ambapo ofisa wa boti hakuwa napo. Sisemi kila mvuvi ameacha. Wapo wanaovua usiku, na msala wanaujua. Nasema tu kwamba kisa kile kimefanya kazi miaka mingi bila ya bajeti.

Mtoto wa chuo cha Kurani anayo na ile hadithi ya Mtume, sallallahu alayhi wasallam, ya mche: Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Mimi nikiisikia huwaza yule mtu. Kiama kimesimama, na bado ana udongo kwenye kucha.

Nirudi kwenye vitu. Nani kaingia nyumba za Mji Mkongwe, zile kubwa za kizamani? Vyumba virefu na vyembamba kama kijia. Watoto huuliza kwa nini. Kwa sababu dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya kubeba haizidi kiasi cha mita 3 hivi. Tajiri mwenye dhahabu, mwenye milango ya kuchonga na sahani za Uchina ukutani, hakuweza kununua mkoko mrefu kuliko Mungu alivyouotesha. Nyumba ilimtii mti. Upana wa chumba alichozaliwa mtoto wa sultani na wa chumba cha mchuuzi ulipimwa na mwitu wa mikoko.

Darasa la nne unaweza kulisomesha hili kwa kamba tu. Wape kamba ya mita 3, waitandaze sakafuni, wapange vitanda, makabati, bibi na mkeka wake. Watabishana mpaka kengele ipigwe. Hapo wameshaonja ukomo wa kitu na hakuna aliyewahubiria.

Leo chumba tunakitanua kwa nondo na zege. Na zege linataka mchanga. Hapo ndipo penye hadithi ambayo mimi imenishinda.

Mkoko ukikatwa kwa kiasi huota. Pweza huzaa. Popo, nimeshawaambia, amerudi. Mchanga hauzai. Ukishachotwa shambani umekwenda, unabaki ukutani kwa mtu. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569, ya mwaka 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka kwa miaka 10, na kila mmoja anataka ukuta wa kuegemea, na ni haki yake. Serikali imeweka vibali na utaratibu, kwa sababu ilionekana wazi kuwa tunakwisha. Nimesema tunakwisha? Unakwisha, mchanga.

Nimesimama kwenye shimo moja la mchanga kaskazini ya Unguja. Ukingoni pana mnazi, nusu ya mizizi yake iko hewani, inaning'inia kama nywele. Chini maji ya mvua yametuama, watoto wanaogelea, wana raha isiyo kifani. Kwao shimo lile ni neema, ni ziwa lao. Hawakuliona shamba lililokuwepo. Mwenye shamba naye alishalipwa, alijengea.

Nimejaribu kuiandika mara tatu. Ya kwanza niliutia mchanga mdomo ukazungumza, nikaona haya mwenyewe. Ya pili ilijaa takwimu, mjukuu wangu akalala. Ya tatu ni ya msichana ambaye nyumbani kwao kunaongezwa chumba, na chumba hicho ni chake, mara ya kwanza maishani atalala bila kupigwa mateke na wadogo zake. Anasaidia kuchekecha mchanga. Ndani ya chekeche anakuta ganda la konokono na kipande cha kigae, na bibi yake anakitambua kigae: hiki cha shamba letu, nilivunja mtungi pale. Hapo nimekwama. Siwezi kumwondoa msichana kwenye chumba chake, anastahili. Siwezi kumrudisha bibi shambani, shamba ni shimo. Mwenye mwisho wa hadithi hiyo anifuate baadaye, nitamwandikia jina lake juu ya langu.

Tunawatahini watoto methali: kamilisha, bandu bandu... Mtoto anaandika huisha gogo, anapata alama. Chovya chovya... humaliza buyu la asali, alama nyengine. Lugha yetu ilishajua kabla ya semina kwamba kitu huisha kwa kumegwa kidogo kidogo, na sisi tumeifanya kuwa kujaza mapengo. Ningependa siku moja mtihani uulize: gogo lipi? Na asali ilikuwa ya nani?

Pweza nitampitia haraka, ingawa yeye ndiye rahisi kuliko wote kwa mwandishi. Kusini huku, Kisiwa Panza, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kiasi cha miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza, kisha wanafungua siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa sana. Pweza maisha yake yote ni kama mwaka mmoja, na hukua upesi ajabu, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni utoto mzima. Watu wanasema hadithi ya kungoja haina msisimko. Hawajawahi kungoja na ndoo tupu huku wanaujua mwamba umejaa! Mlinzi wa mwamba ni mjomba. Anayeingia usiku na tochi ni mjomba mwengine. Mtoto amewaona wote wawili. Nani atasema hiyo haina msisimko?

Na nyinyi vijana mtakaoandika, jitayarisheni na picha. Mimi niliwahi kumpelekea mchapishaji mmoja hadithi ya kaa na mkoko. Nilieleza kila kitu, mizizi ile inayoshuka kutoka juu kama miguu ya kaa, tope, maji kupwa. Picha ziliporudi, mkoko wangu una shina moja lililonyooka, majani ya duara kama mwavuli, na chini yake kasimama tembo. Nikapiga simu. Nikauliza kwa utaratibu, huyu tembo wa wapi? Nikajibiwa, mama, watoto wanapenda tembo. Nikasema hata mimi nawapenda, lakini huyu atazama. Kitabu hakikutoka. Kwa hiyo mtoto wa Chwaka au wa Kojani anaweza kufika mwisho wa skuli ya msingi ameshaona kitabuni tembo mia na asiuone hata mkoko mmoja uliochorwa sawasawa, na mkoko uko nyuma ya choo cha skuli.

Yule msichana wa dirishani sasa ni mtu mzima, ana watoto. Tulikutana marikiti, akanisalimia kwa mikono miwili. Sikuthubutu kumuuliza kama anakumbuka. Alikuwa ananunua mtungi mdogo wa gesi, na mkononi kashika kikapu cha makaa kwa akiba, gesi ikipanda bei. Nikamwuliza hali ya baba. Akasema mzee yupo, macho tu, moshi.

Hadithi ya Kata-Kata nimeiandika upya. Haina jitu. Ina mwalimu mmoja anayependa chai.

Sasa kabla ya chakula nawaomba kitu. Pale mezani kuna karatasi. Kila mtu aandike jina la kitu kimoja kilichokuwepo kijijini kwao alipokuwa na miaka saba na leo hakipo: mti, samaki, kisima, ndege, tunda la njiani. Kisha aandike nani alikitumia na kwa kazi gani, na yeye mwenyewe alikula ngapi. Msiandike "kutokana na uharibifu wa mazingira". Andikeni kama mnavyomwambia mtu barazani. Vijana watazikusanya, na kila mmoja ataondoka na karatasi ya mwenzake akaitungie kisa.

Karatasi zinatosha. Kalamu nimekuja nazo 12, na hapa nawahesabu 40 na zaidi. Mwenye kumaliza ampe jirani yake. Wale wa mlangoni, nimeshaziona mbili zimeingia mfukoni.